Nduru isiyosikika: jinsi virusi vya homa za kuvuja damu vinavyoihadaa kinga ya wanyama wa maabara

#1 – Mkufunzi wa Njoro

Ndugu zangu wa jukwaa, juma lililopita mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo nilidhani ningelijibu kwa dakika mbili, kumbe likanila kipindi kizima. Aliuliza hivi: ikiwa kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa kina vipande vitatu tu vya RNA, yaani molekuli zinazobeba maelekezo yake ya urithi, na jeni chache za kuhesabika kwa vidole, nao mwili wa kondoo una majeshi ya seli za kinga, inakuwaje mwana-kondoo aliyezaliwa juzi anakufa hata kabla ya siku mbili kwisha tangu aambukizwe? Nimeona niandike jibu langu hapa kwa utulivu, kwa sababu wengi wenu mko Nakuru, Baringo na upande wa ziwa, na ugonjwa huu ni wa kwetu kabisa. Ulitambuliwa katika shamba la kondoo kando ya Ziwa Naivasha, na ni Daubney, Hudson na Garnham waliochapisha maelezo yake mwaka 1931, wakionyesha kwamba kisababishi chake hupita katika vichujio vinavyozuia bakteria. Baadhi ya watafiti wenyewe waliugua walipokuwa wakiuchunguza.

Tuanze na nduru. Yeyote aliyelelewa kijijini anajua kwamba nyumba ikivamiwa usiku, kazi ya kwanza ya mwenye nyumba si kupigana bali ni kupiga nduru, ili jirani wafunge milango, waamke na kushika rungu. Seli iliyoingiliwa na kirusi hufanya vivyo hivyo. Ndani yake mna vitambuzi vinavyonusa RNA ngeni, na vikiinusa, seli hutengeneza na kumwaga nje protini iitwayo interferoni. Interferoni haiui kirusi. Inashika vipokezi vilivyo juu ya seli za jirani na kuziamuru ziwashe mamia ya jeni za ulinzi kabla mvamizi hajafika. Protini hii iligunduliwa London mwaka 1957 na Isaacs na Lindenmann. Kingamwili na seli T, ambazo ndizo watu huzifikiria wanaposikia neno kinga, huhitaji siku kadhaa kujipanga, na siku hizo hununuliwa na nduru.

Kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa hubeba protini ndogo iitwayo NSs, ambayo haimo katika umbo la kirusi kama matofali yalivyo ukutani, wala kirusi hakiihitaji ili kizaane katika seli za kawaida za maabara. Kwa muda mrefu ilikuwa fumbo. Virusi hivi huzaana katika ute wa seli, nje ya kiini, lakini NSs huenda ndani ya kiini na kujisokota kuwa nyuzi nene zinazoonekana kwa hadubini. Ina shughuli gani huko ambako kirusi chenyewe hakifiki? Jibu lililopatikana ni kwamba kiini ndimo jeni za interferoni zinamonakiliwa. NSs hukamata sehemu za mtambo wa kunakili uitwao TFIIH na kuufanya ukose kukamilika, hivyo amri ya kutengeneza interferoni haitoki. Aidha, NSs huiangamiza protini ya ulinzi iitwayo PKR, ambayo kwa kawaida hunusa RNA ya nyuzi mbili na kusimamisha utengenezaji wa protini katika seli iliyovamiwa, ili kirusi kikose kiwanda. Kwa maneno mengine, mwenye nyumba amezibwa mdomo na mlinzi wa zamu amenyongwa, huku majirani wamelala fofofo.

Sasa nifike kwenye jaribio ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linathibitisha jambo kutoka pande mbili. Kuna kirusi cha jamii hiyo kiitwacho Clone 13, ambacho asili yake ni mgonjwa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati wa mwaka 1974. Kwa bahati ya maumbile, kimepoteza karibu asilimia 70 ya jeni ya NSs. Ukimdunga panya mweupe wa kawaida kirusi kamili, kipimo kidogo sana humuua, mara nyingi kwa kuoza ini ndani ya siku chache. Ukimdunga Clone 13, anaendelea kula na kurukaruka. Mtu mwenye shaka angesema labda Clone 13 ni dhaifu tu, hakijiwezi. Ndipo Michèle Bouloy wa Taasisi ya Pasteur ya Ufaransa na wenzake, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2001, walipochukua panya walioondolewa kipokezi cha interferoni, yaani panya viziwi wasioweza kusikia nduru, wakawadunga Clone 13 hicho hicho. Panya hao walikufa upesi. Kirusi hakikuwa dhaifu hata kidogo; kilichokosa ni kitambaa cha kuziba mdomo, na mahali ambapo hakuna masikio, kitambaa hakina kazi.

Nakaribisha maswali. Nitajibu jioni, kwa kuwa mchana niko darasani.

#2 – Mwana wa Marigat

Mwalimu, salaam na asante. Nimesoma mara mbili. Mwanzoni mwa mwaka 2007 ugonjwa huu ulifika kwetu Baringo baada ya mvua kubwa, nami nilikuwa kijana wa kuchunga. Mbuzi walitupa mimba mfululizo hata tukaacha kuhesabu, lakini wapo wakubwa waliopata homa siku mbili tatu, wakasimama, wakarudi malishoni. Hili ndilo linalonitatiza. Ikiwa kirusi kimeziba mdomo wa kila seli, hao waliopona walipigaje nduru? La pili, usiniwie vibaya, panya si mbuzi. Tutajuaje kwamba yaliyotokea ndani ya kizimba cha Ufaransa ndiyo yaliyotokea zizini mwetu?

#3 – Mkufunzi wa Njoro

Mzee wangu, hayo ndiyo maswali ambayo watafiti wenyewe hujiuliza.

Kuhusu waliopona: NSs haipo ndani ya seli wakati kirusi kinapobisha hodi. Lazima itengenezwe kwanza. Pana mwanya wa saa chache, na mshindi hupatikana humo. Tena si kila seli inayopiga nduru imevamiwa. Zipo seli za kinga zilizobobea katika kutoa interferoni, ambazo hunusa mabaki ya kirusi bila kutekwa nayo. Tumbili wa aina ya rhesus walipoambukizwa katika majaribio ya miaka ya 1980 huko Marekani, wote wakidungwa kirusi kile kile, baadhi hawakuonyesha dalili yoyote, wengine waliugua kiasi, na wachache walivuja damu wakafa. Damu yao ilipopimwa, ilionekana kwamba waliobaki wazima walikuwa na interferoni ndani ya saa 12 hivi baada ya kuambukizwa, ilhali kwa wale waliokufa ilichelewa hadi saa 30 au zaidi. Hebu lifikirie hilo: waliokufa nao walipiga nduru. Walipiga wakati nyumba imekwisha kuteketea. Watafiti hao hao waliwapa tumbili wengine interferoni kwa sindano, kabla ya maambukizi au saa chache tu baadaye, na ugonjwa ukazuilika.

Kabla hujaniuliza kama tuwadunge mbuzi interferoni, jibu ni kwamba hakuna mchungaji anayejua saa ambayo mbu alimuuma mbuzi wake. Homa ikionekana, mwanya umekwisha kufungwa.

Kuhusu panya kutokuwa mbuzi, nakubaliana nawe kwa mikono miwili, na nitaongeza kwamba hata panya si panya. Miongoni mwa panya wakubwa wa maabara, koo iitwayo Wistar-Furth ilijulikana kwa kufa kwa ugonjwa wa ini mara tu ikidungwa kirusi hiki, na koo ya Lewis ilijulikana kwa kustahimili. Baadaye wanyama wenye majina hayo hayo waliozalishwa Ulaya walipopimwa, mambo yakawa tofauti na yale ya Marekani, kumbe miaka ya kuzalishwa mbalimbali ilikuwa imewatenganisha kwa jeni chini ya jina moja. Kwa hiyo msomaji akiona imeandikwa kwamba kirusi fulani huua panya, anapaswa kuuliza ni panya gani, wa umri gani, na kirusi kimepitishwa njia gani. Panya wadogo wanaonusurika awamu ya ini, baadhi yao hufa siku kadhaa baadaye kwa ugonjwa wa ubongo, na huo unategemea sehemu nyingine kabisa ya kinga, hasa seli T. Mnyama ni mmoja, lakini amekufa kwa sababu mbili zisizofanana.

Ninachokiamini ni kile kinachojirudia kwa panya, kwa kondoo na kwa tumbili. Kwamba kirusi kisicho na NSs hupungua makali, hilo limejirudia.

#4 – Nyakach

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya maabara hapa Kisumu. Nimekufuata vizuri, lakini nina pingamizi, na nakuomba usinichukulie kuwa mkosefu wa adabu. Katika maswali ya darasa letu tumekuwa tukiandika kwamba homa hizi hudhoofisha kinga. Lakini tulipofundishwa Ebola tuliambiwa kinyume, kwamba mgonjwa huumizwa na kinga yake mwenyewe iliyopandwa na wazimu: kemikali za uvimbe hujaa katika damu, mishipa huvujisha maji, damu huganda mahali isipotakiwa hadi viambato vya kuigandisha vinakwisha. Mwili uliodhoofika kinga unawezaje wakati huo huo kuwa na kinga iliyozidi? Naona kama neno «kudhoofisha» linapotosha.

#5 – Mkufunzi wa Njoro

Dada Nyakach, hukukosa adabu. Umenisaidia kuliko walioniunga mkono. Nami nimekuwa nikilitumia neno hilo darasani. Kudhoofika kwa kinga, kwa maana tunayoizoea hapa nchini kutokana na ukimwi, ni kule kupungua kwa askari miaka nenda miaka rudi. Haya ya homa za kuvuja damu ni mambo ya siku chache, na neno sahihi zaidi ni kuchelewesha, au kuvuruga mpangilio.

Chukua tumbili wa aina ya makaka walioambukizwa Ebola na kuchunguzwa siku baada ya siku, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2003 na Thomas Geisbert na wenzake. Seli zilizoshambuliwa mwanzo kabisa zilikuwa makrofaji na seli dendritiki. Makrofaji ni askari wa doria wanaomeza wavamizi, na dendritiki ni wajumbe ambao kazi yao ni kukamata kipande cha adui na kukipeleka kwenye mitoki ili seli T zifundishwe sura yake. Kirusi kikaziteka seli za aina zote mbili. Dendritiki iliyotekwa haikomai ipasavyo, hivyo inafika mitokini mikono mitupu, ikiwa inafika. Makrofaji iliyotekwa hufanya kinyume: inamwaga kemikali za uvimbe kwa fujo na kuonyesha protini inayochochea damu kuganda. Hapo una majibu yako. Ujumbe wa kufundisha umezimwa, vurugu za barabarani zimewashwa, na kirusi kilichofanya yote mawili ni kimoja.

Kuna jambo jingine katika wanyama hao ambalo lilinishangaza nilipolisoma mara ya kwanza, na bado linanishangaza. Limfosaiti zao, yaani seli T na jamaa zake, zilikufa kwa wingi katika bandama, mitoki na damu, ilhali kirusi cha Ebola hakiziingii. Zilijiua zenyewe kwa ule utaratibu wa seli kujimaliza, na maelezo yanayotolewa ni kwamba mazingira yaliwasukuma: kemikali zilizojaa, na wajumbe waliokosa kuzipa ishara ya kuishi. Kwa hiyo ukitazama bandama ya tumbili huyo unaona kinga iliyodhoofika kweli kweli, na ukitazama damu yake unaona kinga iliyofurika. Wote wawili, wewe na mimi, tulikuwa tukitazama mnyama mmoja kupitia madirisha mawili.

Ebola nayo huzuia nduru, lakini kwa ufundi wake. Protini yake VP35 huifunika RNA ya nyuzi mbili ili vitambuzi visiinuse. Huyo ndiye anayeziba mdomo. Nyingine, VP24, hukaa katika seli iliyosikia nduru na kuizuia STAT1, protini inayobeba habari ya nduru, isiingie katika kiini, kwa hiyo sikio limesikia lakini habari haikufika kwa mwenye nyumba. Ndiyo maana unaweza kukuta interferoni nyingi katika damu ya tumbili anayekufa.

Lassa, ambayo ilipewa jina la mji wa Nigeria ulikoonekana mwaka 1969, ina njia yake tena: protini inayofunika RNA ya kirusi hicho ina meno ya kutafuna RNA ya nyuzi mbili, ushahidi unaliwa kabla polisi hawajafika. Sitaendelea na orodha hii, kwa sababu jambo lenyewe ni lile lile.

#6 – Mkaazi wa Endebess

Naomba kuuliza kuhusu jirani zetu wa mlimani. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Elgon tumechoshwa na hadithi za pango la Kitum, nyingine zimetiwa chumvi hadi hazilikiki. Je, popo wanavibeba virusi hivi wakiwa na kinga dhaifu au kinga kali? Maana wangekuwa dhaifu wangekufa, na wangekuwa wakali wangevimaliza.

#7 – Mkufunzi wa Njoro

Ndugu, tuondoe chumvi kwanza. Yanayojulikana ni kwamba mwaka 1980 Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya, na aliyekuwa amezuru pango hilo, alikufa Nairobi kwa kirusi cha Marburg, ndugu wa Ebola, na daktari aliyemhudumia aliambukizwa akapona. Kwamba mwaka 1987 mvulana mgeni aliyelizuru naye alikufa. Na kwamba popo mmoja wa matunda aliyekamatwa humo mwaka 2007 alikutwa na kirusi hicho. Popo huyo ni wa aina ile ile ambayo katika migodi ya Uganda imethibitishwa kuwa makao ya Marburg.

Popo hao wamefugwa na kuambukizwa katika maabara za usalama wa juu kabisa. Kirusi huzaana katika ini na bandama yao kwa siku kadhaa, huonekana hata katika mate, kisha hutoweka. Popo mwenyewe hakondi, hapati homa ya kutajika, wala damu yake haifuriki kemikali za uvimbe kama ya tumbili. Kwa hiyo si dhaifu wala si mkali kwa maana uliyoiweka. Anaonekana kuwa ni mwenye nyumba anayemwona mwizi, anamfukuza taratibu kwa mlango wa nyuma, wala hachomi kijiji kizima kwa ajili yake.

Jambo moja dogo la kumfurahisha dada Nyakach: Marburg na Ebola ni ndugu, lakini Marburg haitumii VP24 kuzuia masikio. Hutumia VP40, ile protini inayojenga umbo la kirusi, na huikata ishara mapema zaidi, mlangoni penyewe, kwenye kimeng'enya kiitwacho JAK1. Ndugu wawili wamefika mahali pamoja kwa njia mbili, jambo linaloonyesha jinsi kuizuia nduru kulivyo na thamani kwao.

#8 – Daktari wa Mifugo, Gilgil

Mwalimu, umefafanua vizuri, ila umewaacha wafugaji kwenye panya. Niruhusu niwarudishe zizini.

Chanjo ya Homa ya Bonde la Ufa iliyotumika hapa kwa miaka mingi inatokana na kirusi cha Smithburn, kilichopatikana kwa mbu wa msitu wa Semliki, Uganda, mwaka 1944, kikapunguzwa makali kwa kupitishwa mara nyingi katika ubongo wa panya. Kinga yake ni nzuri na sindano moja hutosha. Lakini makali hayakwisha yote: kondoo mwenye mimba akichanjwa anaweza kutupa mimba, au kuzaa kiumbe chenye kasoro. Miaka ya nyuma nilikuta boma ambalo mtu mmoja, ambaye sitamtaja, alichanja kundi zima bila kuuliza nani ana mimba. Mwenye kundi hajataka kusikia neno chanjo tangu siku hiyo, wala simlaumu.

Hapo ndipo lile jaribio la Clone 13 lilipopata matumizi. Afrika Kusini iliidhinisha chanjo ya mifugo inayotokana nacho mwaka 2010, kwa hoja ile ile ya Mwalimu: kirusi kisicho na kitambaa huufundisha mwili bila kuuangusha.

#9 – Mwana wa Marigat

Daktari, kwa hiyo hicho Clone 13 ni salama kwa mbuzi wenye mimba? Huwa hatujui mapema ni yupi ameshika mimba, na mvua haitungoji.

#10 – Daktari wa Mifugo, Gilgil

Mzee, ni salama kuliko Smithburn, lakini siwezi kusema ni salama bila masharti. Kondoo waliopewa kipimo kikubwa kuliko cha kawaida, wakiwa katika hatua za mwanzo za mimba, kirusi hicho kilivuka kondo la nyuma na kukifikia kijusi, na pakatokea kasoro na vifo vya vijusi. Mama alibaki mzima. Kumbuka wale panya viziwi wa Bouloy: kirusi kile kile, mwili tofauti. Kinachoitwa kirusi dhaifu ni dhaifu kwa mwili fulani tu, na ndani ya ngozi ya kondoo mmoja mwenye mimba kuna miili miwili.

Ndiyo sababu mimi naiangalia kwa matumaini zaidi chanjo nyingine, ChAdOx1 RVF, ambayo haitumii kirusi chenyewe hata kidogo. Hubeba maelekezo ya protini mbili tu za ganda la nje, ndani ya kirusi cha mafua cha sokwe ambacho hakiwezi kuzaana, kwa hiyo hakuna NSs ya kuziba mdomo wala kirusi cha kuvuka kondo. Imejaribiwa kwa kondoo, mbuzi na ng'ombe hapa hapa Kenya, na imejaribiwa pia kwa kondoo na mbuzi wenye mimba bila kuleta madhara hayo. Kwa sasa, kabla ya kumruhusu yeyote achanje, mwambie kwanza ni majike wangapi walikuwa na dume wakati wowote ndani ya miezi mitano iliyopita, na wale usio na uhakika nao uwatenge. Chanjo ianze mawingu yakiwa bado mbali, kwa sababu mayai ya mbu wanaobeba kirusi hiki hukaa kwenye udongo mkavu wa mabondeni kwa miaka, na maji yakituama hayachukui siku nyingi kuanguliwa.